Baroni na Diski Zake 80

Sura ya pili ndiyo inayomfichua mtu. Sura ya kwanza ya ripoti ya utafiti kila mwanafunzi huiandika kwa jasho lake, maana huko anaeleza tatizo lake na malengo yake. Ya tatu ni ya sampuli na hojaji, haina pa kujificha. Lakini ya pili, ile ya mapitio ya maandishi, ndiko kijana anakokutana na waliomtangulia, na ndiko inakojulikana kama amekwenda kuzungumza nao au kuwapekua mifuko.

Kijana ninayemsimulia aliniletea yake siku ya Ijumaa kabla ya adhuhuri, ana haraka ya kuwahi msikitini. Ni mwenyeji wa Wete, Pemba, mwaka wa tatu, anasoma historia, na utafiti wake ulihusu karafuu. Akaniamkia, nikamwitikia, akaziweka mezani kurasa 19 zilizotoka steshenari muda uleule, bado zina joto la mashine. "Naomba uniangalizie, mwalimu. Wenzangu wote wameshapitishiwa." Nikamwambia apite Jumatatu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wake bila shaka. Niliujua kwa "vilevile" yake, ambayo huirudia kila baada ya sentensi mbili kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Katikati ya ukurasa wa nne mwandishi akabadilika. Akawa mzee aliyekaa na nyaraka nusu ya umri wake, mwenye pumzi ndefu, anayeweza kubeba miaka 50 katika sentensi moja bila kuyumba, na asiyelijua kabisa neno "vilevile". Ukurasa wa saba kijana akarudi. Wa nane, mzee tena. Nilijiona kama niliyepanda daladala ambamo dereva na konda wanapokezana usukani. Sikuhitaji programu ya kompyuta kuniambia kitu.

Jumatatu nikamwonyesha. Hakutahayari, alishangaa. "Lakini mwalimu, nimebadilisha maneno."

Na kweli alikuwa amebadilisha. Kitabu alichotumia sitakitaja, na sentensi nitakayoiweka hapa nimeitunga mwenyewe kwa sura ya ile ya kitabuni, nisije nikafanya lilelile ninalolikataza. Tuseme kitabu kiliandika hivi: "Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kitovu cha zao hilo kikahamia kisiwa cha pili." Kijana wangu akaandika: "Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ila Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tokea hapo kiini cha zao hilo kikahamia kisiwa cha pili."

Kimbunga kimekuwa tufani. Kung'oa kumekuwa kuangusha, "lakini" imekuwa "ila". Ni mtu aliyeiba baiskeli akaipaka rangi: kengele ileile, tandiko lilelile, hata ile spoku iliyopinda ipo palepale. Na chini ya aya nzima hapakuwa na jina la mtu.

Nikamwomba anionyeshe daftari lake la kunukulia. Wanafunzi wa siku hizi hawana daftari la kunukulia, wana simu. Akaifungua. Mlikuwa na picha za kurasa alizopiga maktaba, mafaili ya PDF yenye majina ya namba tupu, ujumbe aliojitumia mwenyewe usiku, na faili moja refu alilokuwa akibandika kila alichokipata. Ndani ya faili hilo sentensi za kitabu na mawazo yake zilikuwa zimechanganyika kama mchele na choroko. Nikaiwekea kidole aya moja. "Hii ni yako au ya kitabu?"

Aliitazama kwa muda. "Sikumbuki, mwalimu."

Nilimwamini. Ndipo nikamwambia avute kiti, nimsimulie habari za baroni.

Karl-Theodor zu Guttenberg ni baroni wa kuzaliwa, wa ukoo wa kikabaila wa Bavaria, Ujerumani. Mwaka 2009, akiwa na miaka 37, alifanywa Waziri wa Ulinzi, na hakuna aliyewahi kukikalia kiti hicho akiwa kijana kuliko yeye. Watu walimpenda. Magazeti yalimpiga picha akiwa na mkewe, na wengi walimtaja kuwa ndiye atakayekuja kuwa Kansela baada ya Angela Merkel. Juu ya yote hayo alikuwa daktari wa sheria: mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimtunuku shahada ya uzamivu kwa daraja la juu kabisa, kwa tasnifu iliyolinganisha ukuaji wa katiba ya Marekani na ule wa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2009 tasnifu ikatoka kama kitabu cha kurasa 475. Ujerumani cheo cha udaktari si pambo dogo. Mtu hukiandika mlangoni kwake, na wengine hukitia hata kwenye kitambulisho.

Februari 2011 profesa wa sheria wa Bremen, Andreas Fischer-Lescano, alikuwa anakisoma kitabu hicho ili akiandikie uhakiki. Kazi ya kawaida kabisa. Hakuwa mpelelezi. Alichofanya ni kuchukua sentensi na kuziandika kwenye kitafutio cha intaneti, na sentensi zikaanza kumjibu kutoka mahali pengine. Tarehe 16 Februari gazeti la Süddeutsche Zeitung likaitoa habari. Waziri akasema tuhuma hizo ni upuuzi.

Kesho yake watu wa kujitolea, wengi wao wanafunzi wa uzamivu, wakaanzisha tovuti ya pamoja na kuugawana mzigo wa kitabu: wewe kurasa hizi, mimi zile. Walipomaliza kuhesabu walikuwa wamekuta maandishi ya watu wengine katika kurasa 371 kati ya 393 za matini yenyewe. Mlikuwa na makala za magazeti, kazi za wanazuoni, hata ripoti zilizoandikwa na watafiti wa Bunge kwa ajili ya wabunge.

Kilichonichekesha zaidi (na kijana wangu naye alicheka hapa, kwa mara ya kwanza siku hiyo) ni utangulizi. Aya ya kwanza ya tasnifu, pale ambapo mtu anabisha hodi kwa sauti yake mwenyewe, ilitoka katika makala ya mwanazuoni wa siasa, Barbara Zehnpfennig, iliyochapwa na gazeti la Frankfurter Allgemeine mwaka 1997. Na aya hiyo inaanza na kaulimbiu ya Kilatini iliyo kwenye nembo ya Marekani, ile yenye maana ya kwamba kutoka wengi hutoka mmoja. Mtu angetaka kumsanifu baroni asingepata maneno bora kuliko hayo.

Merkel alijaribu kumkinga kwa kusema alimteua kuwa waziri, hakumwajiri awe msaidizi wa utafiti. Kauli hiyo ndiyo iliyochoma. Makumi ya maelfu ya watu, wanafunzi wa uzamivu wakiwa mbele, walitia saini barua ya wazi kwa Kansela: ikiwa kunakili ni jambo dogo, wao wanakesha maabara na maktaba kwa ajili ya nini? Tarehe 23 Februari waziri akasimama bungeni, akakiri makosa na kukana kudanganya kwa kusudi. Siku hiyohiyo Bayreuth ikamvua udaktari. Machi 1 akajiuzulu uwaziri. Tangu gazeti litoke zilikuwa zimepita siku 13.

Kijana akauliza swali zuri: "Sasa yeye alisemaje, mwalimu? Alijitetea vipi?"

Hapo ndipo nilipotaka afike. Utetezi wa baroni ni huu: kwamba tasnifu aliiandika kwa miaka saba hivi, vipande vipande, huku ni mbunge, huku ni baba wa watoto wadogo, kwamba alikuwa na diski zisizopungua 80 na kompyuta nne, moja hapa na nyingine pale, kwamba alinakili dondoo akazihifadhi, na baada ya miaka hakujua tena kipi kilikuwa cha nani. Chuo kikuu hakikukubali. Kamati yake ilisema Mei mwaka huohuo kwamba alidanganya kwa makusudi. Mimi nikisoma hesabu ya kurasa 371 siwezi kuilaumu kamati. Lakini kwa mwalimu, utetezi huo una thamani kuliko hukumu. Hebu tumpe baroni kila anachokitaka, tuseme hakuwa na nia mbaya hata chembe. Bado diski 80 zisizo na alama zilitosha kumwangusha. Nikamwonyesha kijana simu yake iliyokuwa mezani. "Wewe una diski ngapi humo?"

Tunawafundisha vijana kana kwamba wizi wa maandishi hutokea siku ya kuandika. Tunawatisha kwa kanuni za chuo, tunawaambia watadisko, tunawapa asilimia za kutozivuka. Siku ya kuandika jambo limeshakwisha zamani. Lilikwisha ule usiku mtu aliponakili sentensi nzuri kwenye faili lake na akaona uvivu kuweka alama mbili ndogo za mtajo, kwa kuwa, anajiambia, nitakumbuka. Miezi mitatu baadaye anaikuta sentensi ile nyumbani kwake, imevaa nguo za nyumbani. Anaipita kama anavyompita ndugu.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwake halikuhusu kuandika hata kidogo. Nilimwambia anunue daftari la kawaida, kalamu mbili, buluu na nyekundu. Chochote anachokinakili neno kwa neno kinaingia kwa nyekundu, ndani ya alama za mtajo, na namba ya ukurasa inaandikwa kabla ya sentensi, si baada, maana baada huwa hatufiki. Anachokiwaza yeye kinaingia kwa buluu. Akisema atatumia simu, na atumie, ila rangi zibaki. Ni kazi ya kitoto, najua. Baroni angekuwa na kalamu nyekundu, na nia ya kuitumia, pengine leo angekuwa anazungumzwa kwa mambo mengine.

Kisha tukarudi kwenye kimbunga.

Nikamwambia ageuze karatasi kifudifudi na azime simu. "Hebu niambie. Mwaka 1872 karafuu zilipatwa na nini?"

"Upepo ulipiga Unguja, mwalimu. Mikarafuu ikalala. Kwetu Pemba haukupiga sana. Basi ndo karafuu zikawa zetu."

"Umemaliza. Andika hivyo."

Alidhani ninamtania. Lakini huko ndiko kusema kwa maneno yako, na hakuna njia nyingine ninayoijua. Kitabu kikiwa wazi mbele ya macho, mkono hauwezi kufanya zaidi ya kubadili kimbunga kuwa tufani. Sentensi ya mwenye kitabu imekukalia kichwani kama wimbo wa jirani. Kifunge, simama, msimulie mtu ambaye hakukisoma, mama yako ikibidi, kwa lugha anayoielewa. Kitakachotoka kinywani kitakuwa na mpangilio wako, kwa sababu umelazimika kuamua kipi kitangulie. Ukishindwa kusimulia, ujue hujaelewa, na hakuna kamusi ya visawe itakayokuokoa. Baada ya hapo fungua kitabu tena, uhakikishe hukumsingizia mwenyewe jambo ambalo hakulisema. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka, na ni dhambi ya aina yake: kumlisha mwanazuoni maneno ni vibaya sawa na kumnyang'anya.

Tukasafisha lugha pamoja, ikawa hivi: Mwandishi Fulani anaona kuwa Pemba ilianza kuongoza kwa karafuu kwa sababu upepo wa 1872 uliharibu mashamba ya Unguja na kuyaacha ya Pemba. Mwandishi Fulani, jina lake kamili likiwa mwanzoni kabisa, na mwaka na ukurasa vikifuata.

"Mwalimu, samahani. Kama maneno ni yangu, jina lake la nini tena?"

Kila mwaka swali hili huulizwa, na kila mwaka huulizwa na mwanafunzi mwenye akili. Nilimwambia: upepo si wa mtu. Kwamba mwaka 1872 Unguja ilipigwa na kimbunga, hilo limeandikwa kila mahali, na ukiliandika bila jina hakuna atakayekudai. Lakini lile neno "kwa sababu" lina mwenyewe. Kuna mtu alikaa na takwimu za mavuno, akalinganisha kisiwa na kisiwa, akaona na akathubutu kusema: hili lilisababisha lile. Anaweza kuwa amekosea. Mwingine anaweza kuja na kusema ni udongo wa Pemba, au ni namna ardhi ilivyogawanywa. Ndiyo maana jina linahitajika. Siku hoja ikianguka ijulikane imeangukia mguu wa nani, na ikisimama, ajulikane aliyeisimamisha.

Akanyamaza kidogo, akaisoma tena sentensi ya kitabu. Nikaona uso umebadilika. "Halafu hapa alipoandika kisiwa cha pili. Cha pili kwa nani?"

Nilicheka hadi mwenzangu wa ofisi ya jirani akagonga ukuta. Siku zote huwa natafuta mfano wa kueleza ni lini hasa mtu anukuu neno kwa neno, na Mpemba huyu alikuwa ameniletea mezani. Kunukuu si kwa ajili ya sentensi tamu unayoona uvivu kuisema upya. Unanukuu pale maneno yenyewe, jinsi yalivyochaguliwa, yana jambo unalotaka kulishika: ni sheria, ni kiapo, ni ubeti, au ni kauli unayotaka kugombana nayo. "Hapo sasa," nikamwambia, "usibadilishe hata herufi. Mtaje, fungua alama za mtajo, weka maneno yake matatu, funga, kisha sema yako." Akaandika palepale, kwa kalamu yangu, kwamba mwandishi anaiita Pemba "kisiwa cha pili" ilhali aya hiyohiyo inaonyesha kuwa ilikuwa ya kwanza kwa mavuno. Ilikuwa sentensi bora kuliko zote katika zile kurasa 19. Haikuwa na "vilevile".

Ningeishia hapo kama si kurasa mbili za mwisho, ambamo alikuwa amewataja wanazuoni wakubwa wa uchumi wa dunia, watano kwa mkupuo, kila mmoja na mwaka wake. Nikamuuliza amewasoma wapi. Akanitajia kitabu kimoja tu, cha mtu wa sita, aliyewaeleza hao watano.

Habari ya baroni ina mkia, na mkia huo ni wa wanafunzi wa namna hii. Guttenberg alipokuwa akiungua, Waziri wa Elimu wa Ujerumani, Annette Schavan, aliliambia gazeti kwamba naye anaona aibu, na si aibu ya kimoyomoyo tu. Yeye mwenyewe alikuwa daktari, kwa tasnifu ya mwaka 1980 iliyohusu mtu na dhamiri yake. Mwaka 2012 wasomaji wasiojitaja jina wakaipitia tasnifu hiyo. Hawakukuta kurasa zilizobandikwa kama za baroni. Walichokikuta ni mwandishi aliyesoma maelezo ya mtu wa kati kuhusu mawazo ya wakubwa, akayaeleza kwa maneno yaliyogeuzwageuzwa, na akaandika kana kwamba amekaa na wakubwa hao yeye mwenyewe. Tarehe 5 Februari 2013 Chuo Kikuu cha Düsseldorf kikamvua shahada. Siku nne baadaye akaacha uwaziri. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Waliomtetea walisema miaka ile watu hawakuwa wakali hivyo katika kurejelea, na mimi, niliyesoma kabla ya kompyuta kuenea, nakiri hoja hiyo ina uzito wake. Lakini nikitazama ile aibu isiyo ya kimoyomoyo aliyomwonea mwenzake, huruma yangu hupungua.

Kijana huyu alisoma chuo cha Kurani kabla ya shule, kwa hiyo sikuhitaji kwenda mbali. Nilimuuliza kama mtu anaweza kusema amelisikia jambo kwa Mtume ilhali amelisikia kwa mwalimu wake. Akasema haiwezekani, lazima aseme fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mnyororo mzima, na pete moja ikikosekana watu wanaitilia shaka hadithi. "Basi kumbe unajua," nikamwambia. Aliyekusimulia ni huyo wa sita. Andika kwamba fulani, kama anavyoelezwa na fulani, alisema kadhaa. Haipunguzi heshima yako. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yametufikia kwa njia hiyohiyo: Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaeleza, William Taylor akayaandika, Hichens akaja kuyachapa mwaka 1940, na tunayasoma leo tukijua mikono yote iliyoyapitisha. Mikono hiyo ingejifuta, tungebaki na beti tu na tusijue tumwamini nani.

Kuna moja nililiongeza mlangoni, akiwa ameshachukua mkoba, kwa sababu ndilo linalotuumiza zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Aya mbili alizidhani ni salama kwa kuwa zilitoka katika kitabu cha Kiingereza na yeye ndiye aliyezitafsiri. Programu za kupima mfanano mara nyingi hazimwoni mtu wa namna hiyo. Zinalinganisha maneno, na maneno yamebadilika yote. Mwanafunzi anapata asilimia ndogo, anaibandika ukutani kama cheti. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ikawa *Mabepari wa Venisi*, mwaka 1969, kila neno la Kiswahili mle lilikuwa lake, na alilitafuta kwa taabu. Tamthilia haikuwa yake, na hakuwahi kutuambia ni yake. Mtu akitafsiri anafanya kazi ya heshima, basi aitaje kuwa ni tafsiri. Kuhusu wale wanaonunua ripoti nzima kwenye kompyuta za steshenari, au wanaoiagiza mashine iwaandikie sura tatu wakiwa wamelala, sikusema kitu. Huyo hajakosea namna ya kunukuu. Hakuna somo la kunukuu litakalomfaa.

Alirudi baada ya wiki tatu. Kurasa zilikuwa 14, na mwandishi alikuwa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kijana wa Wete mwenye haraka na hasira kidogo, anayebishana na wazee kwa majina yao. Daftari alilileta pia bila kuombwa, jekundu na buluu, na nyekundu ilikuwa inapungua kadiri kurasa zilivyokwenda mbele. Nilisoma kwa raha. Ukurasa wa nne nikakuta kitu kilichonifanya niketi vizuri.

Alikuwa amenukuu sentensi yangu. Ni sentensi ninayoisema kila mwaka katika muhadhara wa tatu, kuhusu nyaraka na watu ambao hawakuandika chochote. Wanafunzi huipenda, na wengine huirudisha kwenye mtihani. Aliiweka neno kwa neno, ndani ya alama za mtajo, na mbele yake jina langu, neno "muhadhara" na tarehe. Kila kitu mahali pake. Sitaficha kwamba nilifurahi.

Usiku nilifungua jalada langu la zamani la mihadhara nihakiki kama ameinukuu sawasawa. Ameinukuu sawasawa. Sentensi ipo katika karatasi ya manjano, mwandiko wangu wa ujanani, wino wa buluu, kati ya mambo mawili ninayoyajua kuwa ni yangu. Haina alama za mtajo. Haina ukurasa. Niliisoma kwa sauti mara mbili, na mara ya pili nikasikia kwamba ina pumzi ndefu kuliko zangu. Mimi sijawahi kufika mwisho wa sentensi ya namna ile bila kukohoa. Nilikaa na jalada lile mpaka umeme ukakatika, nikijaribu kukumbuka maktaba, kitabu, rangi ya jalada lake, chochote.

Asubuhi nilichukua kalamu nyekundu nikarudi kwenye ukurasa wake wa nne. Jina langu nililizungushia duara, na pembeni nikaandika kama ninavyowaandikia wanafunzi wote: "Chanzo?"